Ndama aliyezaliwa na kano zilizokaza: mwongozo kamili wa kumnyoosha miguu

Ndama amezaliwa salama, anapumua vizuri, mama yake anamlamba. Kisha anajaribu kusimama. Anainua makalio kwanza kama ndama wote, lakini anapoleta miguu ya mbele, vifundo vinakunjika na kwato zinageukia nyuma, akabaki amesimama juu ya ngozi ya mbele ya kifundo. Anaanguka. Anapumzika kidogo, anajaribu tena, anaanguka tena.

Ndama wengi wa namna hii hupona kabisa, na baadhi hupona bila kufungwa chochote. Wale wanaokufa, mara nyingi si mguu unaowaua. Wanauawa na njaa ya siku ya kwanza, au na kidonda kilichoachwa kikaoza chini ya bendeji. Ndiyo maana nitarudi mara kwa mara kwenye tumbo na kwenye ngozi, hata pale tunapozungumzia kano.

Mguu umepatwa na nini

Nyuma ya mguu hupita kano, zile kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa ya chini. Kwa ndama huyu kano hizo ni fupi kuliko urefu wa mifupa, kwa hiyo mguu hauwezi kunyooka wote. Kwa kawaida ni miguu ya mbele, na mara nyingi yote miwili. Kiungo kinachoonyesha shida zaidi ni kifundo, yaani kile kilicho juu tu ya kwato, na baada yake ni goti.

Chanzo kinachotajwa sana ni ndama mkubwa kubanwa tumboni, akamaliza wiki za mwisho miguu ikiwa imekunjwa. Kuna pia cha kurithi, kuna upungufu wa madini ya manganizi kwa mama, kuna mimea yenye sumu kama lupini inapoliwa katika miezi ya mwanzo ya mimba, na kuna virusi kama vile vya Akabane. Vyanzo hivi vina maana zaidi kwa mimba zijazo kuliko kwa ndama aliye mbele yako, nitavigusa tena mwishoni.

Kabla ya mguu, dang'a

Nimeona watu wakihangaika na bendeji huku ndama ana saa tano tangu azaliwe na hajaonja dang'a. Mguu unaweza kungoja hadi kesho asubuhi. Dang'a haiwezi. Utumbo wa ndama hupokea kinga iliyomo ndani ya maziwa hayo ya kwanza kwa muda mfupi tu: saa za mwanzo unapokea vizuri, kisha unafifia, na baada ya saa 24 mlango umefungwa.

Ndama asiyeweza kusimama hawezi kuifikia chuchu, kwa hiyo usisubiri ajitafutie. Mkamue mama mapema, umnyweshe ndama kwa chupa yenye nyonyo ndani ya saa mbili za kwanza. Kiasi cha kulenga ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake: ndama wa kilo 40 apate lita 4, wa kilo 25 apate lita mbili na nusu. Kama hawezi kumaliza kwa mara moja, gawanya, lakini hakikisha kiasi hicho kimeingia kabla ya saa sita kupita tangu azaliwe. Mnyweshe akiwa amelala kifudifudi, kifua chini, kichwa kimeinuka kidogo. Usimlaze ubavu na usimimine maziwa mdomoni kwa nguvu, yataingia mapafuni. Asiponyonya kabisa, atalishwa kwa mrija, na kazi hiyo aifanye mtu aliyefundishwa.

Chovya kitovu kwenye tincha ya ayodini. Kwa ndama huyu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu atalala chini saa nyingi kuliko wenzake na kitovu chake kitagusa uchafu zaidi. Mkaushe, mweke penye matandiko makavu na mazito. Sasa ndipo uangalie miguu.

Kipimo cha mkono

Hiki ndicho kipimo kinachoamua kila kitakachofuata, kwa hiyo usikifanye kwa haraka.

Mlaze ndama ubavu, mtu mmoja amshike kichwa na mabega. Pima mguu ulio juu. Weka kiganja kimoja mbele ya kifundo, usukume taratibu kwenda nyuma. Mkono wa pili ushike ncha ya kwato, uivute mbele na juu. Usishtue. Ongeza nguvu kidogo kidogo hadi uhisi mguu umegoma, halafu baki hapo ukihesabu hadi thelathini. Ukipeleka kidole nyuma ya mfupa utaigusa kano imesimama kama kamba ya kitanda iliyokazwa. Mara nyingi, ukiwa bado umeshikilia, unahisi inalegea kidogo chini ya kidole, na kwato inasogea mbele kwa upana wa kucha. Kusogea huko kudogo ni habari njema sana.

Rudia kwenye goti: kiganja mbele ya goti kikisukuma nyuma, mkono mwingine ukivuta mguu wa chini mbele. Ikiwa goti halinyooki, kunja kifundo kwanza, kisha jaribu goti tena. Goti likinyooka baada ya kifundo kukunjwa, shida iko kwenye kano ndefu zinazoshuka hadi kwatoni. Likibaki limekunjika vilevile, kano za goti lenyewe ndizo zilizokaza, na gango, yaani kitu kigumu kinachofungwa mguuni ili kuunyoosha, itabidi lianzie juu zaidi.

Utaangukia kwenye moja ya hali tatu. Kuna ndama anayesimama kwa ncha za kwato, visigino vimeinuka, lakini mkononi mguu unanyooka bila shida. Huyo ni wa hali nyepesi. Kuna anayekunjika kifundo kila akisimama, ila kwa nguvu ya mkono ya wastani unaweza kuuleta mguu kwenye mstari, au karibu sana na mstari; huyo ni wa hali ya kati, na ndiye anayenufaika zaidi na gango. Wa tatu hanyooki hata ukishikilia muda mrefu. Huyo ni wa daktari wa mifugo tangu siku ya kwanza, usimfunge kwa kumlazimisha.

Piga picha ya miguu kwa simu, kutoka ubavuni, akiwa amesimama au amesimamishwa. Fanya hivyo kila asubuhi kutoka pembe ileile. Jicho linalomwona ndama kila siku husahau upesi alivyokuwa jana.

Si kila mguu uliokunjika ni kano

Kiungo kilichoganda kama mbao, kisichokunja wala kukunjua, hasa kama na mgongo au shingo vimepinda, si kano tu: kiungo chenyewe kiliumbika vibaya, na gango halitakisaidia. Ndama aliyevutwa kwa nguvu wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa amevunjika au ameumia mshipa wa fahamu; mguu wake unalegea na kuburuzika, na mkononi unanyooka bila upinzani wowote. Kiungo chenye joto na uvimbe siku kadhaa baada ya kuzaliwa, pamoja na homa inayopita nyuzijoto 39.5, ni maambukizi, mara nyingi yaliyopitia kitovuni. Yote haya yanataka daktari, na la mwisho linamtaka siku hiyohiyo.

Hali nyepesi: mwache atembee, mnyooshe

Hapa gango ni kumsumbua bure. Uzito wake mwenyewe, anapotembea, ndio dawa. Mpe sakafu kavu, ngumu kiasi, isiyoteleza. Matandiko mazito ni mazuri kwa kulala lakini mabaya kwa zoezi, kwa sababu kwato inazama na kisigino hakisukumwi chini. Kama banda lote limetandikwa, mtoe nje mara nne au tano kwa siku, dakika kumi hivi kila mara, huku mama yake akiwa karibu ili awe na sababu ya kutembea.

Kabla ya kila matembezi fanya zoezi la kunyoosha, lilelile la kipimo: vuta, shikilia sekunde 20 hadi 30, achia, rudia mara kumi kwa kila mguu. Ndama hapaswi kupiga kelele wala kurusha mguu. Akifanya hivyo umevuta kupita kiasi, na kano iliyoumizwa hujikaza zaidi. Wengi wa kundi hili huweka kisigino chini ndani ya siku chache.

Hali ya kati: gango

Kwa kazi hii bomba gumu la plastiki la maji, la PVC, linashinda mbao na fito. Ni jepesi, linaoshwa, na mviringo wake unaukumbatia mguu. Chukua bomba la kipenyo cha sentimita 7 hadi 10. Lile jembamba lipasue katikati upate nusu mbili. Lile pana chukua theluthi yake. Utahitaji pia pamba ya kukunja, bendeji za kuvutika, plasta pana imara, msumeno, msasa na mtu wa kukusaidia.

1. Pima. Kama tatizo ni kifundo, gango lianze upana wa vidole viwili chini ya goti na lifike ncha ya kwato. Kama ni goti, lianze chini kidogo ya kiwiko. Pima mguu ukiwa umenyooshwa na mwenzako, si ukiwa umekunjika, la sivyo gango litakuwa fupi.

2. Kata, kisha shughulikia kingo. Hapa ndipo nilipokosea na ndama wa kwanza niliyemfunga. Nilipasua bomba, nikapitisha msasa haraka haraka, nikafunga. Asubuhi ya tatu nilipomfungua, harufu ilinipata kabla sijaona kitu. Nyuma ya mguu, chini ya goti, palikuwa na mstari mwekundu mbichi wa urefu wa kidole, mahali ukingo wa juu ulipokuwa ukisugua kila alipokunja goti. Kidonda hicho kilichukua muda mrefu kupona kuliko kano yenyewe. Sasa nasugua kingo hadi nipitishe ulimi wa mkono wangu, sehemu ile laini chini ya kiganja, bila kukwaruzwa. Kisha natumbukiza ncha ya juu kwenye maji yanayochemka hadi plastiki ilegee, ninaipinda kwa nje kidogo kama mdomo wa chungu, na kuipoza kwa maji baridi.

3. Kausha mguu kabisa. Unyevu chini ya pamba ni mwanzo wa kuoza. Kama kuna mchubuko tayari, osha kwa maji ya chumvi safi yaliyopoa, kausha, funika kwa shashi isiyonata.

4. Zungushia pamba tabaka mbili au tatu, sawasawa, bila mabonge wala mikunjo, kuanzia kwatoni kwenda juu, ipite ukingo wa juu wa gango kwa sentimita tatu hivi. Ongeza kidogo mbele ya kifundo na mahali mfupa unapojitokeza. Usijaze mno: pamba nyingi husinyaa ikikanyagwa, gango likalegea na kuanza kucheza.

5. Funga bendeji ya kwanza juu ya pamba, ukianzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Kwato iingie ndani. Ukiiacha nje huku umekaza juu yake, ngozi inayoizunguka itavimba.

6. Weka gango upande wa nyuma wa mguu. Mwenzako anyooshe mguu hadi pale unapofika kwa nguvu ya wastani, basi. Kama leo haujafika kwenye mstari, funga pale ulipofika, kesho utasogea. Funga bendeji ya pili juu ya gango, kisha plasta mahali pa chini panapokanyaga, na juu palipo wazi ili majani na uchafu visiingie. Kidole kimoja kipite kwa shida chini ya ukingo wa juu. Kisipopita, fungua uanze upya.

7. Msimamishe. Mara ya kwanza atasimama kama aliyepewa miguu ya mtu mwingine. Mshike kifuani na makalioni kwa dakika chache hadi apate mizani. Mfundishe pia kulala: miguu ikiwa imenyooka hivyo ndama hajui ajikunje vipi, wengine hubaki wamesimama hadi wanachoka na kudondoka.

Fungua kila siku. Najua ni kazi, na pamba si bure, lakini ngozi ya ndama ni laini na madhara yanatokea ndani ya saa chache. Saa 48 ndiyo mwisho kabisa. Ukifungua, angalia rangi ya ngozi, ikande kwa viganja, fanya mazoezi ya kunyoosha, muache bila gango kwa saa moja au mbili sehemu safi huku ukimwangalia, kisha funga tena kama bado anakunjika. Kati ya kufungua na kufungua, fungua mara moja bila kungoja saa ukiona lolote kati ya haya: harufu, unyevu unaopenya, uvimbe juu ya gango, mguu wa baridi, ndama anayekataa kukanyaga mguu aliokuwa akiukanyaga, au anayeacha kunyonya.

Hali nyingi za kifundo hubadilika waziwazi ndani ya wiki ya kwanza. Picha zako za asubuhi zisipoonyesha tofauti baada ya siku nne au tano, usiongeze nguvu ya kukaza, mwite daktari. Na akishakanyaga soli nzima kwa siku mbili mfululizo bila gango, acha. Kuendelea "ili kuhakikisha" kunalegeza kano kupita kiasi na kudhoofisha misuli, na utakuwa umebadilisha ndama wa vifundo vilivyokunjika kuwa ndama wa vifundo vilivyobonyea.

Dawa

Daktari anaweza kumchoma ndama oksitetrasaiklini kwa kiwango kikubwa kuliko cha kawaida, si kwa ajili ya vijidudu bali kwa sababu hulegeza kano za mnyama mchanga. Husaidia zaidi siku za mwanzo, na huenda pamoja na gango au mazoezi. Usijaribu mwenyewe. Kiwango hicho huingizwa polepole kwenye mshipa, na huweza kuharibu figo, hasa za ndama asiyekunywa vya kutosha. Dawa za maumivu nazo zina msaada wa kweli, kwa kuwa ndama asiyeumia hukanyaga, na kukanyaga ndiko kunakonyoosha. Lakini nazo huweza kuumiza figo na tumbo, kwa hiyo daktari ndiye achague na kupima.

Kwa ndama anayeendelea kusimama kwa ncha za kwato, daktari au fundi wa kwato anaweza kugundisha kibao chini ya kwato kikitokeza mbele. Kibao hicho hufanya kazi ya wenzo: kila hatua inavuta kano ya ndani zaidi. Ni njia nzuri pale ambapo ngozi haivumilii tena gango.

Wakati anatibiwa

Endelea kumlisha sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa maziwa kwa siku, ukigawanya mara tatu au nne. Jaribu kumsimamisha chini ya mama yake kila wakati wa kunyonya kabla ya kutoa chupa. Kumsukuma pua hadi kiweleni ni zoezi la miguu na pia kunalinda uhusiano wa mama na mtoto. Kama mama ni mkali, au banda lina ng'ombe wengi, watenge wawili hao pamoja, maana ndama huyu hawezi kukwepa kwato za wengine.

Asiyefungwa gango lakini anakunjika mara kwa mara, zungushia vifundo pamba na bendeji laini kwa ulinzi tu. Mbele ya kifundo kiungo kiko karibu sana na ngozi. Mchubuko unaoonekana mdogo leo unaweza kufika ndani ya kiungo kabla ya wiki kwisha, na kiungo kilichoingiwa na usaha ni vigumu sana kukiokoa.

Hali nzito

Daktari anaweza kukata kano moja au zaidi chini ya ganzi, kisha kufunga gango wakati inapounga ikiwa ndefu. Kwa kano za kifundo matokeo huwa mazuri kuliko kwa goti lililokaza sana. Muulize kabla hajaanza: baada ya kukatwa, kiungo chenyewe kitanyooka? Anaweza kulijua hilo kwa kumpima ndama akiwa mezani. Kiungo kikiwa kimeganda, kukata kano hakuna faida, na ndama aliyeganda miguu yote, asiyeweza kusimama wala kunyonya bila kushikwa, anastahili kupumzishwa mapema kwa njia isiyo na maumivu. Ni uamuzi mchungu, lakini kumweka wiki tatu akichubuka sakafuni ni uchungu wake yeye, si wako.

Kuhusu mimba zijazo

Andika kwenye daftari jina au namba ya mama, fahali aliyetumika, kama uzazi ulikuwa mgumu, na miguu iliyoathirika. Ndama mmoja peke yake mara nyingi ni wa kubanwa tumboni. Wawili au zaidi wa fahali mmoja, acha kumtumia fahali huyo, na usimrudishe kwa mama yuleyule. Wakizaliwa kadhaa msimu mmoja kutoka kwa mafahali tofauti, tazama malisho, madini na magonjwa, na umwombe daktari achukue damu ya ndama kabla hajanywa dang'a. Akishanywa, kinga za mama huingia mwilini mwake, na kipimo hakiwezi tena kutofautisha kama virusi vilimfikia yeye tumboni au ni mama tu aliyewahi kukutana navyo.